Kufundisha Ubanaji wa Taarifa: Ufupi au Wepesi?

Mama amtumapo mtoto dukani hamwambii, "Kibiriti, kibiriti, kibiriti, kibiriti." Humwambia, "Vibiriti vinne." Ujumbe umefupika, wala hakuna kilichopotea. Kazi hiyo ndiyo ifanywayo na mashine zinapobana taarifa kabla ya kuzipeleka. Makala haya yanakusudiwa kumwonyesha mwanachuo namna ya kulifundisha jambo hili katika Darasa la Sita bila kompyuta, na hasa namna ya kuwaelewesha watoto kwamba ufupi una gharama yake.

Zana za kufundishia
Tayarisha karatasi zenye miraba 12 kwa 12, penseli, na saa yenye mshale wa sekunde. Katika karatasi moja chora herufi H kwa kutia weusi miraba ya 3, 4, 9 na 10 ya kila mstari. Katika mstari wa 6 na wa 7, tia weusi miraba yote kuanzia wa 3 hadi wa 10.

Hatua za somo
Gawa wanafunzi katika makundi ya watatu: mbanaji, mpelekaji na mchoraji. Mchoraji aketi akiwapa wenzake mgongo. Wapeleke mchoro kwa njia tatu.

Njia ya kwanza: mpelekaji ataje kila mraba, "mweupe" au "mweusi". Yatatumika maneno 144.

Njia ya pili: mbanaji ahesabu mfululizo wa kila rangi, akianza daima na nyeupe. Mstari wa kwanza utakuwa "mbili, mbili, nne, mbili, mbili". Mchoro mzima utahitaji maneno 56.

Njia ya tatu: mstari uliofanana na ule wa juu yake utajwe kwa neno moja tu, "vilevile". Sasa yatatosha maneno 22.

Hapa ndipo wanachuo wengi husimama, wakidhani somo limekwisha. Sivyo. Waulize watoto, "Ni njia ipi iliyo bora?" Wote watajibu, "Ya tatu!" Ndipo uichukue saa.

Tuseme mbanaji hutumia sekunde 40 kuandaa njia ya pili, na sekunde 110 kuandaa njia ya tatu, kwa kuwa hulazimika kulinganisha mistari. Kwanza agiza litamkwe neno moja kila sekunde 3. Njia ya kwanza itachukua sekunde 432, ya pili 208, ya tatu 176. Kisha ruhusu neno moja kila sekunde. Njia ya kwanza itachukua 144, ya pili 96, ya tatu 132. Njia ya tatu haishindi tena. Na kama maneno manne yangeweza kupita kwa sekunde moja, mchoro usiobanwa kabisa ungefika kwa sekunde 36, kabla mbanaji wa njia ya pili hajamaliza kuandaa. Andika hesabu hizi ubaoni, na watoto wenyewe watoe kanuni: njia ya kupeleka ikiwa ya polepole, yafaa kubana sana, ikiwa ya haraka, yafaa kubana kidogo, au kutobana kabisa.

Mfano wa mashine ya nukushi
Mashine za nukushi zilizoenea maofisini katika miaka ya 1980 na 1990 zilifanya kazi hii hasa. Mwaka 1980 kamati ya kimataifa ya simu na telegrafu, CCITT, ilitoa kanuni zake. Kila mstari wa ukurasa ulikuwa na nukta 1,728, na ukurasa wa A4 wa ubora wa kawaida ulikuwa na mistari zaidi ya 1,100. Kwa simu iliyopitisha alama 9,600 kwa sekunde, ukurasa usiobanwa ungehitaji zaidi ya dakika tatu. Kwa kuhesabu mifululizo ya nyeupe na nyeusi, ukurasa wa kawaida wa maandishi ulipita kwa dakika moja hivi au pungufu.

Tena, mashine ya kupokea iliweza kuieleza ile ya kupeleka muda mdogo kabisa iliouhitaji kuchapa mstari mmoja, kwa mfano sehemu 20 za elfu moja za sekunde. Mstari uliobanwa mno ukiwahi kabla ya muda huo, mpelekaji alijaza alama zisizo na maana ili mpokeaji asiachwe nyuma. Watoto wataliona jambo hilo darasani: neno "vilevile" hutamkwa mara moja, lakini mchoraji ana miraba 12 ya kushughulikia.

Tahadhari
Nilipolijaribu somo hili kwa mara ya kwanza katika shule moja ya msingi, nilitangaza kwamba kundi lenye maneno machache ndilo mshindi. Kundi hilo lilipata maneno 22, lakini mchoraji alisikia vibaya tarakimu moja ya mstari wa 8, na "vilevile" nne zilizofuata zikalishusha kosa hadi mstari wa 12. Msichana yule aliinamia dawati akilia, akidhani kosa ni lake. Kosa lilikuwa langu: nilipima ufupi, sikupima kama ujumbe umefika. Watunga kanuni za nukushi walilitambua jambo hilo. Katika ubora wa kawaida, baada ya kila mstari uliopelekwa kamili uliruhusiwa mmoja tu wa kulinganishwa na wa juu yake. Katika ubora wa juu, mitatu.

Kupima somo
Mwisho, wape mchoro wa miraba myeupe na myeusi inayopishana mmoja mmoja. Watagundua kwamba njia ya pili haipunguzi hata neno moja. Kisha uliza maswali matatu: Njia ina kasi gani? Mpokeaji anaweza kufuata? Kosa moja litaharibu kiasi gani? Mtoto atakayeyajibu kwa hesabu zake mwenyewe amelielewa somo.