Somo la Wafanyakazi: Usukani Unapolia



Asubuhi moja tulipanda lori chini ya Arua Hill kwenda mashamba ya tumbaku upande wa Koboko. Kila gurudumu la mbele lilipoingia shimoni tulisikia "ko! ko!" Dereva alijua, lakini alikwisha ambiwa na mkubwa wake kwamba gari ni zima. Nasi tulinyamaza. Tulifika salama kwa bahati tu. Kwa hiyo leo tujifunze sauti nne za usukani.

Kwanza, mlio mkali kama filimbi, dereva akizungusha usukani mpaka mwisho. Mara nyingi mkanda wa pampu umelegea au umekwisha. Ukazwe au ubadilishwe.

Pili, mngurumo unaozidi gari linapokata kona. Tazameni oili ya usukani. Ikiwa imepungua, tafuteni inapovuja. Kuongeza tu hakutoshi. Ikiwa ina povu, hewa imeingia. Pampu ikifa, usukani huwa mzito ghafula.

Tatu, kulia kama mlango mkavu. Jointi zimekauka. Zitiwe grisi, na zilizolika zibadilishwe.

Nne, kugonga. Hii ndiyo sauti ya hatari. Huenda jointi za fimbo za usukani zimelika, au boliti za sanduku la usukani zimelegea. Jointi ikichomoka, dereva huzungusha usukani na gurudumu halimfuati.

Kupima ni hivi. Simamisheni gari mahali tambarare, wekeni mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, inueni mbele kwa jeki na kutegemeza kwa stendi. Shikeni gurudumu kushoto na kulia, mtikise. Likicheza, tazameni jointi za fimbo. Shikeni juu na chini. Likicheza, tazameni kingipini, boljointi au beringi. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Leo barabara kutoka Vurra, kupita Arua na Koboko, hadi Oraba, kilomita 92, ni ya lami. Wakati wa murramu lori lilikwenda polepole, na jointi mbovu ilimwachia dereva nafasi ya kusimama. Kwenye lami, kwa mwendo wa kasi, nafasi hiyo haipo.

Dereva akisikia kugonga, aandike katika daftari la gari: tarehe, sauti aliyoisikia, na jina la aliyepokea taarifa. Nakala abaki nayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi wa Uganda haki ya kuondoka penye hatari kubwa iliyo karibu.

Lakini tuseme kweli: dereva akikataa peke yake ataitwa mkaidi, na kesho usukani atapewa mwingine. Sisi tuliopanda nyuma tukishuka pamoja naye, lori litakwenda gereji. Siku ile hatukushuka. Tusirudie kosa hilo.