Injini Imekufa: Tuitengeneze au Tununue Nyingine?

Mtu anayeishi Salama hahitaji kuelezwa maana ya gari kuchemsha. Mara kwa mara tunayaona magari yaliyopanda kutoka upande wa Sultan Hamud yamesimama kando ya barabara, boneti juu, mvuke unatoka, dereva anaulizia maji. Toka Mombasa mpaka Nairobi barabara hii hupanda zaidi ya mita 1,600, na sehemu ya mlima huo iko hapa kwetu. Mengi ya magari hayo hupoa, yakaongezwa maji, yakaendelea. Mengine huvutwa mpaka gereji, na hapo ndipo somo letu linapoanzia.

Kikundi kimoja cha hapa jirani kilipatwa na jambo hilo. Pikapu yao ya dizeli, Toyota Hilux ya zamani, ndiyo iliyobeba maembe na machungwa msimu ukifika, maji wakati wa kiangazi, na usiku akina mama wa kujifungua. Kijana aliyeendesha aliona mshale wa joto umepanda, lakini mnunuzi alikuwa anangoja, akasema wacha nifike kwanza. Hakufika. Fundi wa kwanza alichomoa kijiti cha oili, akaona oili imekuwa kama chai ya maziwa, akasema, "Hii imekwisha. Tafuteni injini ingine." Wanachama walikuwa tayari kuuza ng'ombe wao wawili. Tuliwaomba wangoje kidogo.

Oili ikiwa kama chai, maana yake ni kwamba maji yameingia ndani. Haisemi yamepitia wapi. Pengine ni gasketi ya hedi iliyoungua, pengine hedi imepinda, pengine bloki yenyewe imepasuka. Bei ya mambo hayo matatu haifanani hata kidogo. Kwa hiyo msikubali uamuzi wa kutazama kwa macho tu. Injini isiwashwe tena, ifunguliwe, ipimwe, na mtu wa kikundi awepo akiona.

Hedi huwekewa rula ya chuma iliyonyooka, na bati jembamba la kupimia hupitishwa chini yake. Ikiwa imepinda kidogo, karakana yenye mashine itaiskimu. Ikiwa imepinda sana au ina ufa, itafutwe hedi nyingine, na hiyo bado si injini nzima. Silinda hupimwa kama zimelika. Kisha kranki: maji kwenye oili huharibu beringi, na injini ikishanoki jueni kranki imeguswa. Lakini kranki huchongwa, kwa kawaida milimita 0.25, halafu 0.50, na beringi za saizi hiyo huuzwa. Ikiwa ilishachongwa mpaka saizi ya mwisho, hapo haina lingine. Vilevile konrodi ikikatika na kutoboa ubavu wa bloki, msipoteze pesa kwa kuchomelea. Hiyo ndiyo injini ya kubadilisha.

Injini ya kikundi ilikutwa hedi imepinda, kranki imekwaruzwa kidogo, bloki nzima. Basi tukakaa chini na hesabu. Bei hubadilika, kwa hiyo hapa tunaweka za mfano tu. Tuseme gari likiwa zima lauzwa 500,000, na lilivyo sasa, limekufa, mtu atatoa 200,000. Matengenezo ni 120,000. Injini ya mtumba kutoka Japani ni 150,000, na kuifunga 20,000. Gari huingiza 2,000 kwa siku. Kutengeneza kunachukua wiki tatu, kwa hiyo ongeza 42,000 za siku zilizopotea: jumla 162,000. Kubadilisha kunachukua siku nne, ongeza 8,000: jumla 178,000. Tofauti ni 16,000 tu! Na fundi akilikalia gari miezi miwili, kama tunavyowajua, kutengeneza kunafika 240,000. Ndiyo maana tarehe ya kumaliza iandikwe kwenye karatasi pamoja na bei, na spea zinunuliwe na kikundi chenyewe. Hesabu hiyohiyo husema pia wakati wa kuacha: bodi ikiwa imeoza na gari zima halifiki bei ya kazi yenyewe, liuzwe lilivyo.

Hesabu zikikaribiana hivyo, la kuangalia ni mnajua nini. Iliyofunguliwa mmeiona ndani. Ya mtumba hamjui ilitembea kilomita ngapi, wala kama nayo ilichemsha huko ilikotoka. Mkienda Kirinyaga Road kutafuta, ombeni isikike ikiwaka, fungueni kifuniko cha oili mtazame uchafu, na mwandikiwe muda wa kurudisha. Chukueni risiti yenye namba ya injini pamoja na karatasi za forodha. Namba ya injini imo kwenye logbuku, na ikibadilika lazima NTSA wajulishwe. Bila hivyo mtasumbuka siku ya kuuza gari, au mbaya zaidi, injini iwe ni ya wizi.

Sasa tukiri kosa letu. Miaka ya nyuma gari la ofisi yetu lilikufa vivyo hivyo, nasi tukanunua injini ya mtumba haraka haraka. Ilichemka kabla ya miezi minne. Kumbe rejeta ilikuwa imeziba kwa chumvi: tulikuwa tunaongeza maji ya kisima, na maji ya visima vingi huku Ukambani ni ya chumvi. Halafu fundi alikuwa ameondoa thamostati, akidhani anasaidia injini ipoe. Tulinunua injini mbili kwa ajili ya rejeta moja. Kwa hiyo mkitengeneza au mkibadilisha, rejeta isafishwe au ibadilishwe, pampu ya maji iangaliwe, feni pia, na thamostati irudishwe. Maji yawe ya mvua, yaliyochanganywa na dawa ya rejeta.

Kikundi kiliamua kutengeneza. Kazi ilichukua siku ishirini na sita, tano zaidi ya tulizoandikiana, na fundi akapunguziwa malipo kidogo. Ng'ombe mmoja aliuzwa, mmoja akabaki. Kilomita 1,000 za kwanza pikapu haikupakiwa mizigo mizito, kisha oili na filta vikabadilishwa. Kijana yuleyule bado ndiye dereva. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, hufungua rejeta na kuchomoa kijiti, kisha huandika kwenye daftari la kikundi. Mshale ukipanda, anasimama, mnunuzi akitaka angoje.