Kula Chumvi Pamoja

Nawaandikia nikiwa likizo nyumbani Ndundu, jirani na Daraja la Mkapa.

Mwaka wa kwanza wa falsafa tulisoma kwa Aristotle kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Kwenye mtihani nilijibu vizuri tu. Bwenini sasa! Wiki tatu sikumsalimu mwenzangu wa kitanda cha jirani, kisa ndoo ya maji. Komunyo tulipanga mstari mmoja.

Siku ya zamu ya vyombo akaniambia, “Kaka, nisamehe.” Na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Mathayo 5:23-24: Yesu anataka tupatane kwanza, ndipo tutoe sadaka. Je, hapo hosteli kwenu, nani hamsalimiani naye? Mfuate kabla ya Misa ya Jumapili.