Kwenda kuhesabiwa kwa gari lako: vidokezo vya Dar hadi Moshi

Desemba ikishafika katikati, barabara ya kaskazini hujaa magari madogo ya wanaokwenda kuhesabiwa, yaani kula Krismasi nyumbani, yaliyosheheni watoto, masanduku na mchele wa sikukuu. Dar es Salaam hadi Moshi ni kilomita zipatazo 550, siku nzima kwenye usukani, na wengi wanaoushika mwaka mzima wameuzoea ule wa foleni za mjini tu.

1. Usimwahidi mama saa ya kufika. Ukishatamka "saa kumi tutakuwa hapo," kila foleni inageuka deni na mguu unaanza kulilipa. Mwambie jioni, Mungu akipenda. Simu mpe aliyekaa mbele, awajibu wote watakaouliza "mmefika wapi?" tangu Chalinze.

2. Anza na matairi. Pima upepo asubuhi yakiwa bado ya baridi, maana yakishapata joto la lami kipimo hupanda na kukudanganya. Kiwango sahihi kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kisha inama usome tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake limetengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi linaweza lisiwe kipara lakini mpira wake umezeeka, na mpira uliozeeka hupasuka kwenye mwendo na jua kali. Spea ikaguliwe pia, pamoja na jeki na spana.

3. Ondoka alfajiri, lakini uwe umelala. Mizigo ipakiwe jana yake mchana. Mnaokaa Tegeta na Bunju, piteni Bagamoyo mtokee Msata. Mtakuwa mmeyakwepa malori ya Morogoro, Zambia na Kongo yanayoijaza barabara hadi Chalinze.

4. Nyuma ya semi-trela, kaa mbali. Hapa ndipo familia zinapopotea, kwa hiyo nisikilize vizuri. Ukimganda huoni kitu ila mgongo wa trela, na ili uchungulie lazima nusu ya gari lako iingie upande wa wanaokuja. Ukiachia nafasi, barabara inafunguka yenyewe. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kushoto, mara nyingi anakuambia pita. Ya kulia, subiri. Ichukue kama ushauri tu, kwani huenda anakata kushoto kuingia sheli. Ruhusa itoke kwenye macho yako mwenyewe. Usimfuate aliyeovateki mbele yako, maana nafasi aliyoiona ilikuwa ya gari moja. Mlima, kona, mstari usiokatika: tulia hapo hapo. Na anayekupita vibaya mpunguzie mwendo aingie, kwani ndani ya gari lile mna watoto pia.

5. Penye kibao cha 50, iwe 50. Mkata, Kabuku na Hedaru ni makazi ya watu. Watoto wanavuka, bodaboda zinachomoka pembeni. Kama unapunguza mwendo kwa sababu ya tochi ya trafiki peke yake, utakanyaga tena ukishampita, na nyumba bado hazijaisha.

6. Kula kidogo, lala kidogo. Sahani iliyojaa ugali na nyama Korogwe itakudai usingizi mbele ya Mombo. Toka hapo milima ya Usambara, kisha ya Upare, inakaa kulia kwako, joto linapanda na barabara inanyooka sana. Dalili hazijifichi: miayo inafuatana, tairi la kushoto linagusa ukingo wa lami, hukumbuki kijiji ulichokipita. Kwenye mwendo wa 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde tatu umekwenda mita 66 bila dereva. Muziki na maji ya uso havitibu usingizi. Egesha kwenye sheli yenye watu, lala dakika 20, au mpe mwenzako usukani.

7. Ukiona matawi ya miti yamelazwa barabarani, punguza mwendo mara moja: mbele kuna gari bovu. Lako likiharibika, washa taa za hatari, weka pembetatu mbali nyuma yako, watu wote watoke na wakae nje ya barabara.

8. Jua likizama ukiwa Same, lala Same. Imebaki kama kilomita 100, na ukaribu huo ndio unaowavuta watu kuingia gizani wakiwa wamechoka, kwenye barabara yenye ng'ombe wanaorudi, baiskeli zisizo na taa na malori yaliyoegeshwa bila alama yoyote. Nyumbani watanung'unika kidogo, kisha watashukuru. Gesti huwa zinajaa wiki ya Krismasi, kwa hiyo uwe na namba ya simu ya mojawapo, na ukiona saa nane mchana bado uko Korogwe, piga uombe wakuwekee chumba.