Kidari cha Bata cha Moshi: Pika Kwanza, Moshi Baadaye

Tabora imezoea chakula cha chumvi na moshi tangu enzi za misafara, mji ulipokuwa ukiitwa Kazeh. Chumvi ilitoka Uvinza, kwenye chemchemi zilizo kando ya njia ya Ujiji, na wapagazi wakaisambaza mbali. Migebuka mikavu ya Kigoma bado tunaila. Samaki hao hudumu kwa sababu wamekaushwa mpaka maji yakaisha. Kidari cha bata kilichokaa motoni saa moja hakiko hivyo. Nje kimepata rangi na harufu tamu, lakini ndani huenda bado ni kibichi, na vijidudu vya kuharisha viko hai.

Kwa hiyo anza na sufuria. Tumia bata aliyekuwa mzima na akachinjwa. Kibudu kifukiwe, asipewe hata mbwa. Kila kilo ya nyama ipake kijiko kimoja cha chakula cha chumvi yenye madini joto, iache saa moja mahali pa baridi, isuuze, kisha ichemshe taratibu mpaka sehemu nene iive kabisa. Bata mzee huchelewa, mvumilie. Mwenye kipimajoto cha jikoni ahakikishe katikati pamefika nyuzi 74 za Selsiasi. Hakikisha kabla ya kutia moshi, maana moshi huipa nyama wekundu unaodanganya macho.

Moshi utiwe nje, mbali na madirisha, watoto wakiwa mbali. Dakika 30 hadi 45 zinatosha kuleta ladha. Kuni za mpera zilizokauka vizuri zinafaa. Miembe imejaa mjini kwetu, lakini kuni zake ziacheni: mwembe ni jamaa ya mkorosho, na moshi wake huweza kuwasha macho na mapafu. Mbao zenye rangi au vanishi, na plastiki ya kuwashia moto, zisikaribie chakula. Mafuta ya bata yakidondokea makaa hutoa moshi mchafu, basi weka sinia chini ya nyama.

Kwa wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge nasisitiza zaidi: nyama isiingie kwenye bani la kukaushia tumbaku, hata kama moto tayari unawaka na kuni zimeshagharimu. Tumbaku ina nikotini, na shambani hupigwa viuatilifu. Vyote ni sumu. Mabua yake yasiwe kuni. Debe lililobeba dawa ya shamba lisigeuzwe jiko, hata lioshwe mara ngapi.

Nyama ikiiva iliwe siku hiyohiyo. Isikae nje zaidi ya saa mbili. Ya friji iliwe ndani ya siku tatu, ikipashwa mpaka itoe mvuke.

Kidari hiki kiwe chakula cha sikukuu, kisiwe cha kila siku. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kuwa nyama zilizosindikwa, zikiwemo za chumvi na moshi, husababisha saratani ya utumbo mpana. Mwenye shinikizo la damu aonje kidogo tu.

Mtu akiharisha au kutapika baada ya kula, mpe dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini. Akiwa mtoto mchanga, mjamzito au mzee, au ukiona damu kwenye choo, mpeleke zahanati siku hiyohiyo.