Sili ya Nyuma ya Krenki

Gari likilala nje, na asubuhi ukakuta tone la oili chini, pale injini inapokutana na giaboksi, wenye magari wengi husema, "Ni kidogo tu, tutaongeza." Baada ya majuma machache gari hilo linapandisha mlima kutoka Mombo kwenda Lushoto, injini inanguruma, magurudumu hayana nguvu. Oili imeingia katika klachi, na klachi yenye oili huteleza.

Krenki ni kile chuma kinachogeuza mwendo wa pistoni, wa kupanda na kushuka, uwe wa kuzunguka. Ncha yake ya nyuma hutokeza nje ya injini ili ishike flaiwili. Oili ingemwagika hapo kama si sili, yaani pete ya mpira yenye ulimi mwembamba unaobanwa juu ya chuma na springi ndogo. Krenki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ulimi huo husuguliwa bila kupumzika, na joto huukausha mpaka ukawa mgumu. Injini nyingi za zamani zilizibwa kwa kamba ya asbesto. Mwenzangu mmoja aliuliza kwa nini sisi wa Tanga tusingetumia katani yetu. Nilimjibu kwamba katani ingeungua.

Kabla ya kufungua cho chote, sharti ujue oili inatoka wapi. Huenda inatoka juu, penye kifuniko cha valvu, ikatiririka nyuma ya injini. Au huenda ni oili ya gia, ambayo ni nzito na hunuka kiberiti. Pangusa pakauke, endesha gari, kisha chungulia. Tazama pia bomba la kupumulia la injini. Likiziba, hewa hubanwa ndani na kuisukuma oili nje, na sili mpya nayo itavuja.

Kazi yenyewe ni ndefu kwa sababu ya vile vilivyo njiani. Waya wa betri hutolewa, kisha propela shafti, kisha giaboksi huteremshwa kwa jeki na watu wawili, gari likiwa juu ya vigingi imara. Ndipo hutoka klachi na flaiwili. Sili ya zamani ing'olewe polepole, maana mkwaruzo mmoja juu ya krenki watosha kuvujisha oili.

Likizo iliyopita nilikuwa katika karakana ya mjomba wangu, Ngamiani. Ililetwa pikapu ya mzee mmoja achukuaye machungwa Muheza. Mjomba aliniachia sili niipachike. Nami kwa haraka niligonga upande mmoja, ikaingia kombo, tena ulimi ulikuwa mkavu. Tulirudisha kila kitu. Kesho yake tone lilikuwa pale pale.

Mzee alisema, "Mwanangu, machungwa hayangoji." Sikuwa na la kujibu. Bei ya sili ni ndogo, lakini siku nzima ya kazi ilikuwa imepotea, na mzigo wake ulikuwa shambani.

Tukafungua tena. Mjomba alipitisha ukucha juu ya krenki, akagundua mfuo uliochimbwa na sili ya kwanza. Basi safari hii hatukuizamisha sili mpaka mwisho. Tuliiacha nje kama milimita 1, ulimi ukae juu ya chuma kizima. Niliupaka ulimi oili, nikaelekeza upande wa springi ndani ya injini, nikaweka kipande cha bomba chenye upana sawa na sili, nikagonga kidogo kidogo kwa kuzunguka. Bolti za flaiwili tulizikaza kwa kupishana, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Klachi pleti ilikuwa imekunywa oili, na kuiosha kwa petroli hakufai, tuliweka nyingine.

Usiku ule tulitandika boksi la karatasi chini ya injini. Alfajiri nililivuta kwa mkono wangu mwenyewe, likawa kavu. Mzee aliondoka kwenda Muheza kabla ya chai.