Ngome ya Kilwa Kisiwani

Mtoto wa Lituhi au wa Mbamba Bay akifika Kilwa Masoko, huona maji mapana kama yale ya Ziwa Nyasa, ila akiyaonja huyatema, maana ni ya chumvi. Ng'ambo, mwendo wa kilometa mbili hivi kwa mashua, kuna Kilwa Kisiwani. Kitu kionekanacho kwanza ukingoni mwa kisiwa ni ngome kubwa ya mawe. Wenyeji huiita Gereza.

Ngome hiyo ina pande nne, na minara miwili katika pembe zinazoelekeana. Ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma mawe hayo hayo. Hata hivyo bahari haiheshimu mawe: ukuta wa upande wa maji umeliwa na mawimbi, na sehemu yake imeanguka.

Zamani Kilwa ilikuwa mji wa fahari. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa matajiri wake, na Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika mwaka wa 1331, aliusifu sana uzuri wake. Hata Julai 1505 akaja Mreno, Francisco de Almeida, na marikebu zenye mizinga, akauteka mji, akajenga ngome. Wareno hawakudumu, mwaka wa 1512 wakaondoka. Ngome isimamayo leo ilijengwa na Waarabu wa Oman, karibu na mwaka wa 1800, juu ya masalio ya ile ya kwanza.

Jina lake nalo lina habari. Kwa Kireno kanisa huitwa igreja, na wajuzi wa lugha husema kuwa ndilo lililozaa neno gereza. Neno la nyumba ya sala likawa jina la ngome, kisha likawa jina la nyumba ya wafungwa! Ni safari ya ajabu kwa neno moja.

Mgeni atokaye Nyasa ana sababu ya kusimama kitambo mahali hapo. Mwaka wa 1776 Sultani wa Kilwa alipatana na Mfaransa aitwaye Morice kumwuzia watu 1,000 kila mwaka, wapelekwe katika visiwa vya Wafaransa, ambavyo kimoja leo huitwa Mauritius. Katika karne iliyofuata soko kubwa la watumwa lilikuwa Kilwa Kivinje, barani, kaskazini ya kisiwa. Wengi waliouzwa huko walitoka nchi zilizozunguka Ziwa Nyasa. Walitembea majuma mengi, shingo zao katika kongwa, na wengine walitwikwa pembe za ndovu. Aliyeanguka njiani aliachwa.

Mwaka wa 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikataza kusafirisha watumwa baharini. Wachuuzi wakageuka, wakawapitisha kwa miguu kandokando ya pwani kwenda kaskazini, mpaka mwaka wa 1876 Sultani alipoikataza njia hiyo pia.